Faini si bei ya kosa: Mahakama hupimaje kiasi chake?

Ndugu msomaji, ukikaa siku moja tu katika chumba cha mahakama, iwe Tabora mjini, Nzega, Urambo au Sikonge, hutakosa kusikia maneno ya namna hii: "Mahakama inakuhukumu kulipa faini ya shilingi laki tatu, na ukishindwa utakwenda jela miezi sita." Hukumu ya namna hiyo husomwa kwa muda mfupi kuliko wa kumaliza kikombe cha chai. Lakini hapo ndipo watu wawili waliotenda kosa lile lile wanapoachana njia. Mmoja anapiga simu, fedha zinaletwa, naye anarudi dukani kwake kabla ya adhuhuri. Mwingine anapanda gari la magereza huku mkewe akiwa amesimama nje hajui aanzie wapi kukopa.

Sasa tujiulize: je, watu hawa wawili wameadhibiwa sawa? Karatasi ya hukumu inasema ndiyo. Hali halisi inasema hapana. Wa kwanza ametozwa fedha, wa pili amefungwa, na kilichowatenganisha si ubaya wa kosa bali ni uzito wa mfuko. Kwa sababu hiyo ni muhimu mwananchi wa kawaida ajue kiasi cha faini hupatikana vipi. Wengi tunadhani ni bahati tu, au kwamba hakimu hutaja tarakimu kulingana na alivyoamka siku hiyo. Ukweli ni kwamba yako maswali ambayo hakimu anapaswa kujiuliza, na baadhi ya majibu yake anayo mshitakiwa peke yake. Asipoyatoa, hakimu atapima kosa tu, na mfuko utabaki haujapimwa.

HONGO NA FAINI

Watu wa Tabora wana sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili, kwani mji wao umekaa juu ya njia ambayo kwa miaka mingi watu walitozwa mali. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Ugogo hadi Unyanyembe, na kutoka hapo ikagawanyika, mingine kwenda Ujiji na mingine kuelekea Karagwe na Buganda. Kila ilipoingia katika nchi ya mtawala mwingine ilidaiwa hongo. Hongo ya wakati huo ilikuwa ushuru wa njia. Ililipwa kwa doti za nguo, shanga, nyaya za shaba, bunduki au baruti, na mara nyingi msafara ulikaa siku kadhaa ukijadiliana kiasi chake.

Je, kiasi hicho kilipimwa kwa nini? Kilipimwa kwa ukubwa wa msafara, kwa wingi wa mizigo na kwa utajiri alioonekana kuwa nao mkuu wake. Ndiyo kusema kwamba mfuko ulipimwa, lakini kosa halikuwapo. Mtu alitozwa kwa kuwa anacho na kwa kuwa anapita.

Mwaka 1871, wakati wa mgogoro kati ya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe, Henry Morton Stanley alikuwapo Kwihara. Ameandika kwamba msafara mmoja wa kwenda Ujiji ulidaiwa na Mirambo mapipa matano ya baruti, bunduki tano na marobota matano ya nguo. Baada ya mabishano marefu, mali ikalipwa. Kisha wenye msafara wakaambiwa kwamba pamoja na kulipa, hawaruhusiwi kupita, warudi walikotoka.

Tuzingatie kisa hicho. Malipo ambayo hayana sheria nyuma yake hayana kipimo wala hayana mwisho. Leo neno hongo limebaki katika lugha yetu kwa maana ya rushwa, na tabia yake ni ile ile: anayeidai hutazama uwezo wako, hakupi stakabadhi, na kesho anaweza kuidai tena. Faini halali haina budi kuwa kinyume chake katika kila hatua. Hutozwa kwa kosa lililothibitishwa au kukiriwa, hutamkwa hadharani, huandikwa, hulipwa kwa stakabadhi ya serikali, na ikishalipwa, adhabu hiyo imekwisha.

SHERIA INASEMA NINI

Msingi wa jambo hili kwa Tanzania Bara uko katika Sheria ya Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, ambayo katika toleo la mwaka 2002 imezungumzia faini katika kifungu cha 29. Tukikitazama kwa lugha nyepesi, kifungu hicho kinatufundisha mambo manne.

Kwanza, pale ambapo sheria imeweka faini lakini haikutaja kiwango cha juu, mahakama haina ukomo wa tarakimu, ila faini hiyo isiwe ya kupindukia. Maneno haya machache yana uzito mkubwa. Huwezi kujua kama kitu kimepindukia mpaka uwe umekilinganisha na kitu kingine, na katika faini vitu vya kulinganisha ni viwili: ubaya wa kosa na uwezo wa aliyelitenda. Laki tano kwa mwenye malori ni mafuta ya safari moja. Laki tano kwa anayebeba mkaa kwa baiskeli ni jasho la miezi.

Pili, pale ambapo kosa linaadhibiwa kwa faini au kifungo, kuchagua kati ya hivyo viwili ni kazi ya hakimu, na anapaswa kuifanya kwa busara.

Tatu, mahakama inaweza kuagiza kwamba mtu akishindwa kulipa afungwe kwa muda fulani, au mali yake ikamatwe na kuuzwa. Kifungo hicho cha kushindwa kulipa kina ukomo wake. Isipokuwa pale sheria nyingine imeelekeza vingine, liko jedwali linalooanisha kiasi cha faini na muda wa juu wa kifungo. Hakimu hawezi kujitungia miaka.

Nne, kifungo cha kushindwa kulipa faini hukoma mara faini inapolipwa, hata kama mtu yuko gerezani tayari. Kifungo hicho kimewekwa ili faini ilipwe, hakikukusudiwa kuwa adhabu ya ziada juu yake.

Zaidi ya hayo, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inairuhusu mahakama, kabla ya kutoa adhabu, kupokea ushahidi utakaoisaidia kujua adhabu inayofaa. Kwa hiyo hakimu si mtu wa kubahatisha. Sheria imempa mlango wa kuuliza, na mshitakiwa amepewa mlango wa kueleza.

MIZANI YA HAKIMU

Tuchukue mfano wa kutunga ili jambo lieleweke. Watu wawili wamepigana sokoni, kila mmoja amekiri kosa la kufanya fujo hadharani, na hakuna aliyewahi kushitakiwa kabla ya hapo. Mmoja ana maduka mawili ya jumla. Mwingine analima tumbaku ekari moja na nusu, ana mke na watoto watano.

Hakimu anaanza kwa kutazama sheria: kosa hili lina faini ya juu kiasi gani, na je, kuna kiwango cha chini? Anatazama pia mamlaka ya mahakama yake, kwani uwezo wa mahakama ya mwanzo wa kutoza faini na kufunga ni mdogo kuliko wa mahakama ya wilaya. Hapo amepata uzio wa kufanyia kazi.

Kisha anapima kosa lenyewe. Je, kulikuwa na silaha? Nani alianza? Kuna aliyeumia? Mtu alijipatia faida gani? Baada ya hapo mwendesha mashitaka huulizwa kama mshitakiwa ana kumbukumbu za makosa ya nyuma. Mkosaji wa mara ya kwanza hastahili kupewa adhabu ya juu kabisa iliyowekwa kwa ajili ya wale walioshindikana. Na aliyekiri mapema, akaiokolea mahakama muda na mashahidi usumbufu, hustahili nafuu.

Mpaka hapa watu wetu wawili wako sawa. Mizani inapaswa kuwatenganisha katika hatua ya mwisho, yaani mfuko. Kama hakimu amewatoza wote laki tatu, mwenye maduka amepigwa kibao chepesi na mkulima amepelekwa jela kwa mlango wa nyuma. Hakimu aliyeona kwamba kosa halistahili kifungo hana sababu ya kutoza faini ambayo anajua kabisa haitalipika, kwani kufanya hivyo ni kumfunga mtu huku karatasi ikisema hakufungwa.

Wapo watakaosema: "Mbona hii ni kumpendelea maskini? Sheria ni moja kwa wote." Hoja hii ina nguvu kwa juu, lakini ikichunguzwa inaanguka. Usawa mbele ya sheria maana yake ni watu wasikie maumivu yanayolingana kwa makosa yanayolingana. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Faini moja kwa wote humwacha mwenye shibe akifanya hesabu tu: kosa hili ni laki tatu, nalimudu, nitalirudia. Hapo faini imegeuka bei, na kosa limekuwa bidhaa. Kwa hiyo kipimo cha mfuko kinafanya kazi pande zote mbili. Kinashusha kwa asiyenacho, na kinapandisha kwa mwenye nacho, mradi kisivuke ukomo wa sheria.

PALE MIKONO YA HAKIMU INAPOFUNGWA

Tuwe wakweli, ndugu msomaji. Si kila faini inaweza kupunguzwa kwa huruma ya mahakama. Ziko sheria zinazoweka kiwango cha chini, na zikishasema "isiyopungua", hakimu hana ruhusa ya kushuka hapo hata kama machozi yatajaa chumba.

Mkoa wa Tabora unaijua hali hii kwa sababu ya misitu yake na mbuga yake ya Ugalla, ambayo sehemu yake imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2019. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kwa baadhi ya makosa ya kukutwa na nyara, inapima faini kwa thamani ya nyara yenyewe, na kipimo kinachotajwa ni mara kumi ya thamani hiyo. Mwenye sheria hakutazama mfuko wa mkosaji. Alitazama faida ya ujangili, akataka faini imeze faida hiyo na kupita. Mantiki yake inaeleweka, kwa sababu jangili anayelipa kidogo kuliko alichokivuna amepewa leseni. Lakini anayekutwa na vipande vya nyama porini mara nyingi si tajiri aliyemtuma, na kwake faini kama hiyo ni jina lingine la kifungo.

Faini za barabarani zinazotozwa na polisi wa usalama barabarani papo hapo ni namna nyingine ya kufunga mikono. Kiwango chake kimeandikwa, hakuna kupima mtu. Faida yake ni kwamba anayetoza hana nafasi ya kukadiria sura yako, na hivyo mwanya wa hongo hupungua. Hasara yake ni kwamba mwenye basi na kijana wa bodaboda walikuwa wakitozwa sawasawa, shilingi 30,000 kwa kosa moja. Katika bajeti ya Juni 2021 serikali ilipendekeza faini ya pikipiki na bajaji ishuke hadi shilingi 10,000. Hapa kuna funzo. Hata pale ambapo hakuna hakimu wa kupima mfuko wa mtu mmoja mmoja, mtunga sheria anaweza kuupima kwa makundi.

FAINI YA MWAKA 1958

Kuna faini moja katika historia ya nchi yetu inayoonyesha jinsi tarakimu na miezi inavyoweza kubeba mambo makubwa, nayo mizizi yake inafika Tabora.

Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu Tabora, katika mji ambao Mwalimu Julius Nyerere alisoma shule ya serikali na baadaye, baada ya Makerere, akarudi kufundisha St. Mary's. Swali lililowagawa wajumbe lilikuwa kama chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wengi waliona masharti yale ni matusi. Mwishowe waliamua kushiriki, na uamuzi ule ukaitwa Uamuzi wa Busara. Uchaguzi ulipangwa kufanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959.

Katikati ya maandalizi hayo, Nyerere alishitakiwa Dar es Salaam kwa kosa la kashfa ya jinai kutokana na makala ya gazeti la chama, Sauti ya TANU, iliyowashambulia maofisa wawili wa wilaya wa serikali ya kikoloni. Alitetewa na jopo lililoongozwa na wakili mashuhuri kutoka Uingereza, D. N. Pritt. Agosti 1958 alipatikana na hatia, akahukumiwa kulipa faini ya pauni 150, yaani shilingi 3,000 za wakati ule, au kwenda jela miezi sita.

Tufanye hesabu. Miezi sita kuanzia Agosti 1958 inaishia Februari 1959. Kifungo kile kingezimeza awamu zote mbili za uchaguzi ambao Tabora walikubaliana kuushiriki. Faini ililipwa, Nyerere akabaki nje, na TANU ikashinda. Tuseme faini ile ingewekwa juu kiasi kwamba yeye na wenzake wasingeimudu, au tuseme hakimu asingetoa nafasi ya faini kabisa. Mambo yangeweza kwenda njia nyingine. Mtu yule yule, kosa lile lile, lakini tofauti ya kulipika na kutolipika ingekuwa tofauti ya kuwa uraiani na kuwa gerezani.

Wapo waliotamani aende jela ili wakoloni waaibike. Lakini yeye alikuwa na nafasi ya kuchagua. Mkulima asiyeweza kulipa hana nafasi hiyo. Kwake neno "au" lililoko kati ya faini na jela ni pambo tu.

WENZETU WANAVYOPIMA

Tatizo hili si letu peke yetu, na wenzetu wamelitafutia dawa. Finland tangu mwaka 1921 inatumia faini ya siku, Sweden ikafuata mwaka 1931, na Ujerumani mwaka 1975. Utaratibu wake ni mwepesi. Hakimu kwanza anapima kosa kwa idadi ya siku, bila kutazama mfuko. Kisha anauliza mtu huyu anaingiza kiasi gani kwa siku, na kuzidisha. Tuseme kosa ni la siku 30. Anayepata yuro 20 kwa siku atalipa 600, na anayepata yuro 500 atalipa 15,000. Siku ni zile zile kwa wote wawili, fedha ndizo zinazotofautiana.

Mwaka 2002 mkurugenzi mmoja wa Nokia, Anssi Vanjoki, alitozwa nchini Finland faini ya yuro 116,000 kwa kuendesha pikipiki kwa mwendo wa kilometa 75 kwa saa mahali penye kikomo cha 50. Dunia ilishangaa. Baadaye faini ile ilipunguzwa sana ilipoonekana kwamba kipato chake kilikuwa kimeshuka kuliko kumbukumbu za kodi zilizotumika.

Uingereza nayo ilijaribu utaratibu unaofanana na huo kuanzia Oktoba 1992, lakini ukafutwa mwaka uliofuata. Kilichouharibia jina zaidi ni kesi ya mtu aliyetozwa pauni 1,200 kwa kutupa pakiti tupu ya viazi vya kukaanga. Alitozwa hivyo kwa sababu hakuwa ameieleza mahakama kipato chake, na mahakama ikamchukulia kuwa ni mtu wa kipato cha juu. Kipato chake kilipojulikana, faini ikashuka.

Visa hivi viwili vina somo moja linalotuhusu moja kwa moja. Hata mahali penye utaratibu mzuri kiasi gani, faini ya haki inategemea mahakama kupewa habari sahihi. Na sisi ambao hatuna kumbukumbu za kipato cha mkulima, mchuuzi wala mrina asali, habari hizo ziko wapi zaidi ya kinywani mwa mhusika?

SHUFAA: DAKIKA MBILI ZA KUOKOA MIEZI SITA

Baada ya mtu kutiwa hatiani, huulizwa kama ana lolote la kusema kabla ya adhabu. Maombi hayo ya kupunguziwa adhabu ndiyo huitwa shufaa. Wengi hujibu sentensi moja: "Naomba mahakama inionee huruma." Kisha wananyamaza. Huruma si habari. Hakimu hawezi kuandika katika jalada kwamba huruma ya huyu ni shilingi ngapi.

Tukumbuke kuwa kwa muda mrefu mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika mahakama za mwanzo, na hata leo wananchi walio wengi husimama peke yao. Lugha si kisingizio tena, kwani Kiswahili kimekuwa katika mahakama za mwanzo siku zote, na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya kuwa lugha ya mahakama kwa ujumla. Basi anayesimama pale aseme mambo haya, kwa utulivu na kwa ukweli.

Aeleze kazi yake na anachoingiza, kwa tarakimu. Asiseme "mimi ni maskini", aseme "nauza mkaa magunia mawili kwa wiki, nikitoa gharama nabaki na kiasi hiki." Aeleze wanaomtegemea: watoto wangapi, wa shule wangapi, wazazi, mgonjwa. Aeleze kama ni kosa lake la kwanza na kama alikiri mapema. Aeleze siku alizokaa mahabusu akisubiri kesi, maana siku hizo zinastahili kuzingatiwa. Na ikiwa amekwisha kumlipa aliyemkosea au wamepatana, aseme.

Jambo moja zaidi ambalo watu wa Tabora hulisahau ni msimu. Mkulima wa tumbaku huuza kuanzia Aprili na Mei. Mrina asali naye hupata zaidi baada ya mvua kwisha. Mwezi Januari mkulima huyo huyo ana deni la pembejeo katika chama cha msingi, na mfukoni hana kitu. Akitozwa faini Januari bila kueleza, ataonekana hawezi kulipa kabisa, kumbe anaweza kulipa Juni. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaipa mahakama uwezo wa kusimamisha utekelezaji wa kifungo cha kushindwa kulipa faini, ili mtu apate nafasi ya kulipa. Lakini nafasi hiyo ni lazima iombwe, na anayeomba aseme fedha itatoka wapi na lini.

Tahadhari: asidanganye. Mwenye ng'ombe arobaini akisema hana kitu, mwendesha mashitaka anaweza kumuumbua pale pale, na baada ya hapo hata maneno yake ya kweli hayatasikilizwa.

BAADA YA HUKUMU

Ndugu wa aliyehukumiwa nao wana la kujua. Kwanza, faini si fidia. Katika mila za wengi wetu, ng'ombe aliyetolewa na mkosaji alikwenda kwa aliyekosewa, na ndiyo maana hadi leo mtu aliyepigwa husubiri nje ya mahakama akidhani faini atapewa yeye. Faini ni ya serikali. Aliyeumizwa anayetaka fidia aiombe mahakama, nayo ina mamlaka ya kuiamuru. Hakimu mwenye insafu atakumbuka kwamba mfuko ni mmoja: asimtoze mkosaji faini nzito mpaka akakosa cha kumlipa aliyeumia.

Pili, msikate tamaa kwa kuwa hamjapata fedha zote. Malipo ya sehemu hupunguza kifungo kwa uwiano. Aliyetozwa 300,000 au miezi sita, ndugu zake wakilipa 200,000 siku ile ile, hubakiwa na theluthi ya kifungo, yaani miezi miwili, na wakipata iliyobaki wakati wowote, anatoka. Kila shilingi iingie kwa malipo halali ya serikali na stakabadhi ichukuliwe. Anayesema "nipe mimi nitaipeleka" anakurudisha kwenye hongo ya njia ya misafara, ambapo unalipa na bado hupiti.

Tatu, kuna njia ambayo si faini wala jela. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu mkosaji wa makosa yasiyo makubwa kufanya kazi ya umma bila malipo huku akilala kwake. Kwa mtu asiye na fedha lakini mwenye mikono, hii mara nyingi ndiyo adhabu ya haki zaidi, na hakuna ubaya kuiomba katika shufaa.

Nne, rufaa. Hata aliyekiri kosa anaweza kukata rufaa kupinga uhalali au ukubwa wa adhabu. Kutoka mahakama ya mwanzo rufaa huenda mahakama ya wilaya ndani ya siku 30. Kutoka mahakama ya wilaya huenda Mahakama Kuu, ambayo ina masjala yake Tabora. Notisi hutolewa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Mahakama ya juu haibadilishi faini kwa sababu tu ingependa tarakimu nyingine. Huingilia pale hakimu alipokosea kanuni, alipopindukia, au alipoacha jambo la msingi. Sasa ukiwa ulisema kipato chako na kikaandikwa katika jalada, una cha kuonyesha. Ukiwa ulinyamaza, utaonyesha nini? Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wanaweza kusaidia asiyejua pa kuanzia.

WAJIBU WA PANDE MBILI

Kwa maoni yetu, mzigo huu usiachwe kwa mshitakiwa peke yake. Mtu aliyekwisha kutetemeka kizimbani, pengine hajawahi kusimama mbele ya hakimu, hawezi kujua kwamba tarakimu za mauzo yake ya mkaa zina thamani kuliko machozi. Ingefaa iwe ni desturi isiyovunjwa kwamba kabla ya kutaja faini hakimu auulize mfuko kwa maswali matatu: unafanya kazi gani, unapata kiasi gani na kwa msimu gani, nani wanakutegemea. Majibu yaandikwe, na hukumu ioneshe kwamba yalizingatiwa. Hilo halihitaji sheria mpya wala fedha za bajeti. Sheria iliyopo imekwisha kukataza faini ya kupindukia na imekwisha kuruhusu kuuliza.

Nasi wananchi tutimize upande wetu. Tuwafundishe vijana wetu wa bodaboda, wachuuzi na wakulima kwamba neno la mwisho kabla ya adhabu ni lao, na wajiandae kulitumia. Msafara wa zamani ulifika kwenye lango la mtawala bila kujua utadaiwa nini na kwa kipimo gani. Mwananchi wa leo anapofika mbele ya mahakama, anayo haki ya kukijua kipimo, na anao wajibu wa kusaidia kukipima sawasawa.